Nunua kwa mama aliyelima mwenyewe

Kwa miaka mingi nilinunua chakula cha nyumbani katika maduka ya jirani hapa Goma, nikiamini kwamba soko ni la watu wenye muda. Aliyenibadilisha ni mama mmoja mkulima wa Kibumba, ambaye viazi vyake hufika soko la Virunga vikiwa na udongo mweusi wa volkano, baada ya vijana wa chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, kuteremka navyo barabara ya Rutshuru tangu alfajiri.

Tarehe 22 Mei 2021 volkano ya Nyiragongo ililipuka, na siku tano baadaye tukaamriwa kuhama. Tuliporudi kutoka Sake sikuwa na pesa, na dukani walitaka nilipe papo hapo, jambo ambalo siwezi kuwalaumu. Mama yule aliniuliza kwanza habari za watoto, kisha akanipimia ndoo ya viazi na makopo mawili ya maharage, akasema, "Papa, utalipa ukipata." Nililipa baada ya wiki tatu, na hakuniongezea hata faranga moja.

Hapo ndipo nilipoanza kufuatilia pesa yangu inakokwenda. Sehemu humlipa kijana wa chukudu, sehemu huingia kwenye likelemba, yaani mchango wa kupeana pesa kwa zamu, ya akina mama wa meza yao, na zamu yake ikifika hununua mbegu au hulipa karo ya shule. Pesa hiyo huzunguka hapahapa petu kabla ya kwenda kwingine.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, chagua muuzaji mmoja au wawili na uwarudie hadi mfahamiane. Ukienda soko la Kituku, kando ya Ziwa Kivu, wahi asubuhi, wakati maboti ya Idjwi na Minova yanaposhusha mananasi, ndizi na mihogo, na uulize bila kuona haya ni nani aliyelima. Wachuuzi nao wanatafuta riziki kwa haki, lakini mkulima ndiye anayejua mzigo wake ulivunwa lini. Usibishane bei mpaka mwenzako akose nauli ya kurudi. Mteja anayeheshimu bei hupewa matabishi, yaani nyongeza ya bure, bila kuomba.

Wakati wa mvua, muulize mkulima kabla ya kununua viazi vingi vya kuweka akiba. Mwezi uliopita mama huyo alinikataza kuchukua gunia zima, akakata kiazi kimoja mbele yangu na kunionyesha kilivyojaa maji, akaniambia nichukue cha kupika siku mbili tu.