Barua kwa mwanangu: Kwa nini Muthangari?

Mwanangu,

Ujumbe wako wa juzi nimeupata. Unasema paroko wenu huko Eldoret anataka cheti kipya cha ubatizo, kisichozidi miezi sita, kabla ya kutangaza ndoa. Unauliza mbona ukitafute Muthangari na nyumbani ni Kangemi, tena cha zamani unacho.

Cha zamani hakimsaidii padri. Ukifunga ndoa, habari hiyo huandikwa pembeni ya jina lako katika daftari la pale ulipobatizwa. Cheti kipya kinamhakikishia kwamba pembeni hapo bado ni peupe. Hilo ni jepesi. La Muthangari ndilo refu, maana linaanza na babu yako.

Mwaka 1899 reli ilifika Nairobi, na mwaka huohuo wamisionari Wafaransa wa Shirika la Roho Mtakatifu wakafungua misheni ya Mtakatifu Austin, ndiyo hiyo ya Muthangari. Mji wenyewe ulikuwa mahema na tope. Wao wakachagua mwinuko huu wa magharibi, wenye udongo mwekundu, wakapanda kahawa, kama wenzao walivyoipanda Bura, kule Taita, mwaka 1893. Ilishika kwelikweli. Wazungu wenye mashamba wakachukua miche hapo, na hadi leo wataalamu wa kahawa wana aina wanayoiita ya Misheni ya Kifaransa. Waafrika nao walikatazwa kuipanda kwa miaka mingi. Kuchuma tu ndiko kulikoruhusiwa.

Babu alichuma. Alikuja akiwa kijana, akilipwa kwa debe, na debe lisilojaa halikuandikwa. Nakumbuka vidole vyake: weusi pembeni mwa kucha, utomvu wa matunda haukutoka hata kwa sabuni ya mche. Kahawa hakuwahi kuinywa, alisema ni uchungu wa bure. Chai yake ilikuwa ya maziwa mengi na sukari mpaka kijiko kisimame.

Hapo ndipo alipofundishwa katekisimu jioni, akabatizwa, akawa anatumikia Misa ya Kilatini. Uzeeni bado alijibu "Et cum spiritu tuo" ukimsalimu kwa utani. Maana yake, "Na iwe rohoni mwako", alikuja kuijua Misa ilipoanza kusemwa Kiswahili, akacheka peke yake kanisani, nyanya yako akamfinya.

Mimi nikabatizwa palepale, nawe pia, maana wakati huo tulipanga Kawangware na Jumapili tulipanda kwa miguu. Kangemi tulihamia ukiwa na miaka minne. Najua kwako Kangemi ndiyo parokia, hasa tangu asubuhi ile ya 27 Novemba 2015 Papa Francis alipokuja na ukarudi nyumbani bila sauti. Siku hizi mashamba ya kahawa ni maghorofa ya Lavington, na ukimwambia mlinzi wa geti kwamba babu yako alichuma kahawa hapo atadhani unatafuta njia ya kuingia.

Jambo moja nimelificha miaka hii yote. Nilipokuandikisha nilitaja tarehe 14 ya kuzaliwa badala ya 4. Mama yako hajui. Daftarini utakuwa mdogo kwa siku kumi kuliko kitambulisho chako, kwa hiyo beba cheti cha kuzaliwa, nami nitakungoja ofisini nikiri kosa mwenyewe.

Baba yako