Udongo wa bustani haufai okidi yako

Umeuliza kama unaweza kuihamishia falenopsisi yako, okidi ya maua yenye mizizi iliyooza, kwenye udongo mweusi wa bustani. Tafadhali usifanye hivyo. Okidi hii kwa asili huota juu ya miti, mizizi yake ikining'inia hewani, hivyo ukiifukia udongoni inakosa hewa na kuoza.

Mimi hupendelea magome ya msonobari, vipande vya sentimita 1 hadi 2, pamoja na mkaa kidogo na pelaiti (chembe nyeupe nyepesi za mawe ya volkano). Yaloweke usiku kucha kwanza, maana yakiwa makavu maji hupita tu. Makumbi ya nazi nayo ni mazuri, ila yasuuze mara kadhaa kutoa chumvi. Mosi ya sfagnamu, yaani mimea midogo ya kinamasi iliyokaushwa, laini kama sufi, hukaa na maji muda mrefu. Inamfaa anayesahau kumwagilia, lakini wewe umesema unamwagilia kila siku, kwa hiyo mizizi itaoza tena.

Kata mizizi yote iliyolegea kwa mkasi uliopanguswa kwa spiriti. Chungu kiwe kidogo, chenye matundu. Baada ya miaka 2 hivi badilisha magome, hata kama mmea unaonekana mzima, kwa sababu yakishaoza huziba hewa.