Baiskeli na malori ya mchanga: maswali yenu ya wiki hii

Maswali mengi ya wiki hii yameangukia kwenye malori ya ujenzi. Sishangai, Dar sasa hivi kila mtaa kuna ghorofa linapanda, na mchanga na kokoto lazima vipite barabara hizihizi tunazopita na baiskeli zetu.

Kaka, natoka Tabata kwenda Kariakoo kila asubuhi kwa baiskeli. Tipa ikisimama kwenye mataa huwa napita kushoto kwake nikasimame mbele. Nakosea?

Ndiyo dada yangu, unakosea, na nakuomba uache kuanzia kesho. Lori refu likikunja kushoto, tairi za mbele zinazunguka kwa nje alafu zile za nyuma zinakata kona kwa ndani, yaani zinausogelea ukingo wa barabara, na wewe ndo uko hapo kati ya tairi na ukingo, huna pa kutokea. Dereva wetu anakaa kulia, tena juu sana, kwahiyo upande wa kushoto ndo anauona kwa shida kuliko wote. Indiketa usiitegemee, wengine wanaiwasha wakiwa washaanza kukunja. Na hata ukifanikiwa kupita ukasimama karibu na bampa bado hujasalimika, mtu aliye chini pale mbele anafichwa kabisa, taa ikiwaka kijani yeye anaondoka tu.

Kaa nyuma, umbali ambao unaiona sura ya dereva kwenye saiti mira yake. Kama wewe humuoni, naye hakuoni. Utapitwa na taa moja, acha ikupite. Na kama we ndo ulitangulia kufika alafu tipa ikaja kukubana ubavuni, shuka, panda pembeni na baiskeli yako, lipite kwanza.

Nikivaa reflekta inatosha?

Vaa, na taa nyekundu nyuma ufunge, hasa alfajiri. Lakini reflekta inakusaidia kwa mtu anayeweza kukuona. Ukiwa pale kwenye kona ya kushoto ya tipa hata ukivaa njano kuanzia kofia mpaka viatu haisaidii kitu.

Wenzetu nje wamefanyaje?

Nitasema London, maana nao wanapita kushoto kama sisi kwahiyo kona inayoua ni ileile. Kule waliona malori ni machache barabarani lakini yanahusika kwenye vifo vingi vya waendesha baiskeli, na ya ujenzi yakawa yanajirudia sana. Kuanzia Septemba 2015 lori la zaidi ya tani 3.5 likawa haliruhusiwi mjini bila vyuma vya ubavuni, vile vya kuzuia mtu asivutwe chini ya tairi, pamoja na vioo vya ziada vya kuonyesha karibu na kabini. Baadae lori la zaidi ya tani 12 likaanza kupewa nyota, 0 mpaka 5, kwa kupima dereva anaona kiasi gani kwa macho yake mwenyewe bila msaada wa saiti mira wala kamera. Machi 2021 wakaanza kutoza faini wenye malori wasio na kibali cha kuingia mjini, na Oktoba 2024 kiwango kikapanda mpaka nyota 3, chini ya hapo lazima ufunge kamera na sensa za kumshtua dereva mtu akiwa karibu.

Ila kilichonigusa zaidi ni polisi wao kumpandisha mwendesha baiskeli kwenye kiti cha dereva wa lori, akaangalie mwenyewe anavyopotea. Hiyo inataka tipa moja iliyopaki na Jumamosi moja tu, natamani sana trafiki wetu wakae na UWABA, umoja wa waendesha baiskeli wa hapa Dar, waifanye.

Karibu na shule yetu linajengwa ghorofa, malori yanarudi nyuma barabarani asubuhi watoto wakipita na baiskeli. Tumwambie nani?

Anzeni serikali ya mtaa, muende wazazi kadhaa pamoja, kisha mkandarasi mwenyewe, jina lake litakuwa kwenye ubao wa mradi. Akigoma nendeni OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi. Msiende na malalamiko matupu, muombe vitu vinavyotekelezeka: malori yasiingie muda wa watoto kwenda na kutoka shule, awepo mshika bendera getini, na saiti ipangwe lori liingie na kutoka kwa mbele.

Mimi ni dereva wa tipa. Mnatulaumu wakati tunalipwa kwa tripu, ukichelewa huna hela.

Kaka yangu, uko sahihi, na hilo nalisema wazi: anayepanga malipo kwa tripu anakusukuma ukimbie, na mwenye saiti anayeagiza mchanga ufike saa mbili kamili naye yumo. Hao ndo wabanwe kwanza. Ila kwa leo, wakati tunasubiri wabanwe, una utingo hapo kushoto kwako. Kabla hujakunja mwambie atoe kichwa dirishani aangalie chini mpaka tairi ya nyuma, akwambie kweupe, ndo uachie klachi.