Daftari la babu, rubani wa Tuskegee

Dada, umeuliza wakwe wa binti yako huko Alabama wafanyie nini barua na daftari la safari za ndege la babu yao, rubani wa Tuskegee, yaani mmoja wa wale marubani weusi wa kwanza wa jeshi la Marekani, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Kwanza wasitupe hata bahasha, muhuri wa posta una tarehe. Wala wasibandike selotepu.

Kama mzee bado yuko hai, wamrekodi wiki hii hii. Wasianze na habari za mabomu. Wampe daftari mkononi, aguse mstari mmoja kwa kidole, wamuulize siku ile alirudi na nani. Na bibi naye arekodiwe, tafadhali! Yeye ndiye aliyekuwa akimsubiri tarishi.

Wazee hawa walirusha ndege zenye mikia myekundu, wakawalinda marubani weupe wa ndege za mabomu, kisha wakarudi nyumbani kwenye ubaguzi uleule. Medali ya Dhahabu ya Bunge la Marekani wakapewa 2007, wengi wameshazikwa. Inaniuma mpaka leo.

Maktaba ya Bunge, Washington, inapokea rekodi za wapiganaji wa zamani, zisizopungua dakika 30, pamoja na barua na picha halisi. Wapige nakala kabla ya kupeleka, wajukuu wabaki nazo.