Swali: Arosto inanishinda, je, kunywa methadoni ni haramu? Na saumu na sala yangu vipi?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Mimi ni kijana wa miaka 27, mkazi wa Mbeya. Nilikuwa utingo wa malori ya Dar es Salaam na Tunduma, na huko njiani ndiko nilikoanza unga (heroini). Nataka kuacha. Kila nikijaribu, ikifika siku ya pili arosto, yale maumivu ya kukosa unga, inanibana: natapika, naharisha, mifupa inauma, silali, mwisho najikuta kijiweni. Ramadhani iliyopita kaka yangu alinifungia chumbani nifunge na kusali mpaka niache. Nilikunywa maji kwa siri mchana, kisha nikatoroka. Yeye anasema maumivu haya ni malipo ya dhambi zangu, niyavumilie, na kwamba methadoni, dawa ya hospitali ya kumsaidia mtu kuacha unga, ni ulevi uleule. Tena nimeambiwa sala yangu haikubaliwi siku 40, basi nimeacha hata kusali. Nifanyeje?

JIBU: Wa alaykumu s-salaam warahmatullahi wabarakatuh, kijana wangu. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.).

Nianze na kaka yako, naye umsomee jibu hili. Nia yake ni njema na uchungu wake naujua. Kumwona mdogo wako anauza simu ya mama si jambo dogo. Lakini dini hii haikumpa hukumu aliyoitoa. Masharti ya toba ni kuiacha dhambi, kuijutia na kuazimia kutoirudia, na kama umechukua haki ya mtu, umrudishie. Kuumwa hakumo. Hakuna mwanazuoni aliyesema mtumiaji ni lazima atapike na kugaragara ndipo toba yake isihi. Ni kweli Muislamu hufutiwa madhambi kwa kila linalomsibu, hata mwiba unaomchoma, lakini hakuna aliyeamrishwa auache mwiba mguuni.

Na kuna hadithi ya sahaba Jabir aliyoipokea Abu Daud ambayo kila anayemuuguza mtu nyumbani angeijua. Mtu mmoja alipigwa na jiwe safarini akapasuka kichwa, kisha usiku akapatwa na janaba, hali inayomlazimu mtu kuoga kabla ya sala. Akawauliza wenzake kama anaweza kutayamamu, yaani kujitwaharisha kwa vumbi badala ya maji. Wakamwambia hapana, maji yapo. Akaoga, akafa. Mtume (s.a.w.) alipopata habari alisema: "Wamemuua, Mwenyezi Mungu awaue! Kwa nini hawakuuliza walipokuwa hawajui?" Wale nao walikuwa watu wema, walitaka mwenzao asali akiwa safi.

Basi tuseme wazi: arosto ni maradhi. Kwa mtumiaji wa unga huanza kati ya saa 8 na 24 baada ya kete (kipimo kimoja cha unga) ya mwisho. Kwanza ni miayo isiyokwisha, machozi na kamasi kama mtu mwenye mafua, kisha vipele vya baridi mwili mzima, jasho, tumbo kukata, miguu kurusharusha usiku, na kwa baridi yetu ya Mbeya mgonjwa anajifunika mablanketi mawili na bado anatetemeka. Siku ya pili na ya tatu ndizo kali. Kwa wengi hupungua ndani ya siku kumi, ingawa usingizi na hamu huchelewa kutulia. Mtu akikuambia ni jini kwa sababu unapiga mateke usiku, mwambie watu wa hospitali wanajua mateke hayo yanatoka wapi. Kusomewa Qur'ani ni kheri, na kaka yako akisoma Yasini kando yako ni kheri, lakini anayekutoza fedha ili uache dawa na kunywa kombe lake peke yake, mkimbie.

Sasa methadoni. Sitakuficha kwamba ni jamii moja na unga. Tofauti ni kwamba hupimwa na mtaalamu, hunywewa mara moja kwa siku mbele ya mhudumu, na kipimo kikikaa sawa humtuliza mtu mpaka kesho yake bila kumlewesha. Anakwenda kazini, anasali, anajua anachosema. Je, sheria inalijua jambo kama hili? Inalijua, tena ndani ya madhehebu yetu ya Shafi. Ibn Hajar al-Haytami, aliyekuwa akitoa fatwa Makka katika karne ya 16, aliulizwa kuhusu mtu aliyezoea afyuni (kasumba, ambayo ndiyo asili ya unga) mpaka akawa asipoila ataangamia. Akajibu kuwa ikiwa hilo linajulikana kwa yakini, ni halali kwake kuila, bali ni wajibu, kama nyamafu kwa aliyedhikika kwa njaa, na ni wajibu juu yake aipunguze kidogo kidogo mpaka tumbo liache kuizoea bila hata kuhisi. Akiacha kufanya hivyo ni mwenye dhambi. Msikilize mtu huyo wa karne tano nyuma: hakuruhusu mtu abaki na afyuni yake, wala hakumwambia aikate ghafla afe. Kwako wewe hata hatuko kwenye afyuni ya mtaani bali kwenye dawa ya daktari. Imamu an-Nawawi, mwanazuoni mwingine mkubwa wa Shafi, naye aliruhusu kitu cha kupoteza fahamu kitumike pale kiungo kinapolazimika kukatwa. Kwa hiyo, methadoni uliyoandikiwa na kliniki, kwa kipimo chake, ni halali kwako. Ukiificha mdomoni ukaiuze nje, hiyo ni haramu.

Huduma hii ilianzia Muhimbili mwaka 2011, na hapa Mbeya ipo Hospitali ya Rufaa ya Kanda. Ni bure. Tatizo ni nauli, maana ni kila siku, na hapo nina neno na kaka yako: akiwa na zaka ya mali na wewe huna kitu, wewe ndugu yake ni katika wanaostahiki, na kwako anapata thawabu ya zaka na ya kuunga udugu, maadamu si mtu ambaye sheria imemlazimisha kumlisha. Najua anaogopa kukupa fedha mkononi. Mkubaliane awe wakili wako, akutunzie fungu lako na kukupa nauli ya daladala ya siku hiyo tu.

Kama utapitia siku za kwanza nyumbani, au ukisubiri kuanza kliniki, mlango usifungwe kwa nje. Akae mtu nawe. Kunywa lita mbili hadi tatu za maji kwa siku kidogo kidogo, na ukiharisha changanya lita moja ya maji safi na vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Uji mwepesi, maji ya moto ya kuoga, kahawa ukae nayo mbali. Usijitibu kwa pombe wala kwa vidonge vya usingizi vya kuokoteza. Aliyezoea kuchanganya unga na pombe au valiamu (vidonge vya kutuliza) asikate peke yake nyumbani, kwani hao hupatwa na degedege; na mama mjamzito asikate ghafla kabisa, aende hospitali, mtoto yuko hatarini.

Jambo moja nakuomba kwa Mwenyezi Mungu ulishike. Ukishakaa siku kadhaa bila unga, mwili unakuwa umeusahau. Kipimo ulichokuwa ukivuta zamani ukasimama na kuondoka, sasa kinaweza kukukatisha pumzi. Vijana wengi hawafi kwa arosto, wanafia kwenye kete ya kurudia, wakitoka rumande, au wakitoka chumba kama kile cha kaka yako. Ukiteleza, usiteleze kwa kipimo cha zamani wala peke yako chooni. Sisemi hivi kukuruhusu. Nasema hivi ili uwe hai, kwa sababu maiti hatubu. Na mlango ni ule wa Suratu Zumar aya ya 53, msikate tamaa na rehema ya Mwenyezi Mungu.

Kuhusu sala: hadithi ya siku 40 ipo, imekuja juu ya mnywaji wa pombe, na wanazuoni wameieleza kuwa ni kukosa thawabu, si kuondolewa faradhi. Sala unayo shingoni. Na hadithi yenyewe inaendelea kusema akitubu, Mwenyezi Mungu humkubalia toba yake, sehemu ambayo waliokutisha hawakuisoma. Siku za arosto sali kwa kukaa, ukishindwa kwa ubavu, kama Mtume (s.a.w.) alivyomfundisha Imran bin Huswain alipokuwa mgonjwa. Kuharisha kusipokatika, jisafishe, jifunge kitambaa, tawadha baada ya wakati kuingia na usali papo hapo. Kikitoka kitu katikati ya sala, endelea. Kujumuisha adhuhuri na alasiri kwa ugonjwa, an-Nawawi ameiona kauli yenye nguvu, nami nakupa ruhusa uifuate siku hizo. Na msikitini njoo. Najua watu huangalia viatu vyao ukiingia. Hilo ni la imamu kulisemea, si la wewe kulikimbia.

Saumu: ule mchana uliokunywa maji ulikuwa mgonjwa, na Suratul Baqara aya ya 185 imempa mgonjwa siku nyingine. Kosa ni unga, si maji. Hesabu siku hizo uzilipe. Ukiwa kwenye methadoni, kuinywa mchana kunafungua saumu; muulize mhudumu wa kliniki kama saa inaweza kusogezwa, na usiruke dozi wala kuipunguza mwenyewe kwa ajili ya Ramadhani. Isiposogezeka, kula, na ulipe utakapotoka kwenye dawa. Hilo hutokea baada ya miezi, pengine miaka, na muda wote huo hesabu inabaki kuwa deni, haikufuti kwenye Uislamu. Ambaye madaktari wamesema hatarajiwi kutoka tena kwenye dawa, na kliniki yake haina saa ya usiku, huyo atatoa fidia, kibaba kimoja cha chakula cha watu wa mji kwa kila siku, uwe mchele wa Kyela au mahindi, ampe maskini.

Na kazi ya utingo kwa njia ileile, na parking zilezile za Tunduma, iache kwanza. Yule mtu wa kwenye hadithi, aliyeua watu 99 kisha akamuua na wa mia, aliambiwa ahame mji wake, akafia njiani na toba yake ikakubaliwa.

Wallahu aalam.