Omena Moja, Misimbo Mitatu: Majibu kwa Wasomaji

Mume wangu huvua omena hapa Dunga. Mimi huianika na kuiuza Kibuye. Kwa nini takwimu zitutenganishe ilhali samaki ni walewale? (Kisumu)

Mama, kinachotazamwa ni kazi inayofanyika, wala si samaki mwenyewe. Katika uainishaji wa Umoja wa Mataifa wa shughuli za kiuchumi, toleo la nne la mwaka 2008, uvuvi wa maji baridi una msimbo, yaani nambari ya kundi lake, 0312, ukaushaji wa samaki huhesabiwa kuwa usindikaji na kupewa 1020, na uuzaji wa chakula kwenye vibanda na masoko ni 4781. Biashara inapounganisha shughuli kadhaa, ile inayoongeza thamani kubwa zaidi ndiyo huamua msimbo. Ndiyo maana huniuma kuona fomu iliyojazwa neno moja tu, "biashara", kwa mwanamke ambaye tangu asubuhi amekuwa akigeuza omena juu ya wavu, akifukuza kunguru na kuianua mbio mawingu yanapotanda ziwani. Kwa neno hilo, anayeweka misimbo hana njia ya kujua kwamba kuna usindikaji. Karani wa takwimu akija, mwambie: "Ninanunua omena mbichi, ninaikausha, kisha ninaiuza rejareja."

Ndugu yangu huendesha lori la kiwanda cha sukari. Je, yuko katika uchukuzi au viwanda? (Kakamega)

Huulizwa mambo mawili, na kila moja lina uainishaji wake. Kwa kazi anayoifanya yeye, uainishaji wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 2008 humweka miongoni mwa madereva wa malori, msimbo 8332; kwa shughuli ya mwajiri wake, yuko katika utengenezaji wa sukari, 1072. Akihamia kampuni ya uchukuzi na lori lilelile, msimbo wa kwanza utabaki na wa pili utabadilika.

Jua kali ina msimbo wake? (Nakuru)

Haina. Fundi anayefua sufuria chini ya mwembe na kiwanda chenye mashine za kisasa huwekwa katika kundi moja la bidhaa za chuma, kwa kuwa uainishaji wa shughuli za kiuchumi hautofautishi sekta rasmi na isiyo rasmi. Tofauti hiyo hupatikana kwa maswali mengine, kama vile iwapo biashara imesajiliwa na iwapo ina vitabu vya hesabu.