Bima imekataa mguu wa kukimbilia wa mtoto: usikubali jibu la kwanza

Pole sana, dada. Umeeleza kuwa mwanao ana miaka 11, mnaishi Portland, Maine, Marekani, na bima ya kazini kwa baba yake imekataa kulipia mguu bandia wa kukimbilia kwa sababu tayari ana wa kutembelea.

Mwaka 2022 jimbo la Maine lilipitisha sheria inayozitaka bima zigharamie pia kiungo bandia cha michezo kwa walio chini ya miaka 18, daktari akithibitisha kinamfaa. Kwa hiyo mwanao haombi hisani.

Ila kuna shimo hapa, na wengi wetu hutumbukia. Mwajiri mkubwa mara nyingi hulipa matibabu kwa fedha zake mwenyewe, kampuni ya bima ikishughulikia makaratasi tu. Mpango wa namna hiyo kwa kawaida uko chini ya ERISA, sheria ya shirikisho ya 1974 inayosimamia mafao ya wafanyakazi, na sheria za bima za jimbo haziubani. Kadi ya bima mara nyingi haitakuonyesha tofauti. Baba yake aulize kazini, kwa maandishi: nani hasa analipa?

Vyovyote iwavyo, kateni rufaa. Mna siku 180 tangu mpate barua ya kukataliwa. Daktari na fundi wa viungo bandia waandike kwa nini mguu wa kutembelea haufai kukimbilia. Wakikataa tena, ombeni wakaguzi wa nje, wasio wa bima, walipitie jalada.

Mkalimani ombeni hospitalini, ni bure. Mtoto asibebeshwe kazi ya kutafsiri kesi yake mwenyewe.